Samaki Aliyegeuka Joka: kubadilika umbo, kuanzia matanuru ya Ufipa hadi simu ya mwanao

SEHEMU YA 1

Leo sizungumzii chanjo wala uji wa lishe. Naanza mfululizo mpya, wa historia kidogo, na nawaomba msinikimbie nikitaja gemu. Najua wengi mkisikia hilo neno mnamwona tu mtoto aliyekodolea macho simu huku maharage yanaungua jikoni.

Mwaka jana, Juni, ile baridi yetu ya kuvaa makoti mawili, mama mmoja alinijia kliniki na mtoto mgongoni. Tukapima uzito, nikajaza kadi, nikamrudishia. Haondoki. Anakunja kanga, anaikunjua. Nikamuuliza kuna nini tena mama. Akainama akasema kwa sauti ya chini: "Sista, yule mkubwa wangu wa miaka kumi na moja. Usiku anaongea peke yake chini ya blanketi. Anasema samaki wake amegeuka joka."

Mwenzenu nikacheka. Ndo ukweli, sitaupamba.

Akaendelea. Mtoto macho mekundu kila asubuhi. Darasani analala. Kula hataki. Mama mkwe wake kasema huyu mtoto anachezewa, na kasema na anayemchezea: bibi mmoja jirani, anaishi peke yake, naye ana macho mekundu. Mnajua wenyewe macho mekundu yanavyosomwa huku kwetu. Bibi kapikia kuni miaka sitini kwenye jiko lisilo na dirisha, moshi umemla macho, halafu watu wanasema "mwangalie macho yake."

Nilipaswa kumkalisha chini yule mama. Badala yake nikamwambia, "Mama, mpe dawa ya minyoo, mlaze mapema," nikaita anayefuata. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Wiki tatu baadaye nikasikia mlango wa yule bibi umepigwa mawe usiku, mara mbili, na kijana wake amekuja na pikipiki akamhamishia Laela.

Joka lenyewe lilikuwa kwenye simu. Gemu. Nililijua nikiwa nimechelewa.

Nitawaambia iliishaje. Ila kwanza nataka mwelewe samaki anavyogeuka joka, maana ni jambo lenye historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo iko hapahapa kwetu, kwenye udongo tunaolima.

SEHEMU YA 2

Mlionitumia ujumbe kuuliza "nesi umeanza kucheza gemu uzeeni," asanteni, nimewasikia. Tuendelee.

Watoto wakisema "nimefungua" wanamaanisha hivi. Kuna michezo ambayo mtoto anavaa uhusika wa mtu fulani au analea viumbe. Mhusika anaanza dhaifu. Akitimiza masharti fulani, anabadilika umbo, anapata mwili mpya na nguvu mpya. Masharti hayaandikwi mlangoni. Mtoto anayatafuta, anauliza wenzake, anajaribu, anakosea. Hiyo ndo raha yake yote.

Sasa niwapeleke kwa babu zetu. Ukipita mashambani Ufipa, bado unakutana na masalia ya minara ya udongo, mingine imeshabaki kisiki tu, watoto wanapanda juu wakidhani ni kichuguu. Yale ni matanuru ya kuyeyushia chuma. Kwa Kifipa moja ni ilungu, mengi ni malungu. Yalikuwa marefu, yanafika mita tatu, yamepanuka chini na kubanana juu, na chini kuna matundu yenye mabomba ya udongo ya kuingizia hewa. Hayakupulizwa kwa mivukuto. Urefu wenyewe ulivuta hewa, kama bomba la moshi linavyovuta, na mlima wetu huu wenye upepo ulisaidia. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, ametumia miaka mingi kuyachunguza, na mwaka 2010 alitoa kitabu kizima kuhusu ufuaji chuma wa Wafipa. Mwenye nafasi akitafute.

Fundi alijaza makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, akawasha, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Kinachotokea mle ndani ni kwamba jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, ndugu wa kutu tu. Makaa yakiungua kwa hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani (naomba nirudie hapo: msilale na jiko la mkaa chumbani, hata Julai). Gesi ile inaing'oa oksijeni kutoka kwenye jiwe. Uchafu unayeyuka na kutiririka, na kinachobaki ni bonge la chuma lenye matundumatundu kama sponji. Bonge hilo bado si jembe. Linapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, hilo sasa ndo la mivukuto, linasafishwa, halafu mhunzi analipiga nyundo mpaka linakuwa kitu cha kushika mkononi. Jiwe, bonge, chuma safi, jembe. Hatua kwa hatua, na huwezi kuruka hata moja.

Lakini fundi wa Kifipa asingekwambia habari za oksijeni. Angekwambia habari za mwanamke.

Hapa ndo nilipokaa kitako, mimi niliyesomea ukunga. Tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa. Likishawashwa lilikuwa mama, na chuma kilikuwa mtoto wake. Mafundi walijizuia na wake zao kwa muda wote wa kazi, maana walihesabiwa kuwa na mke mwingine pale porini. Fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa, ntangala, na dawa ziliwekwa kwenye tanuru kabla ya kuwashwa. Mapadri Weupe waliofika Ufipa waliona mambo haya, na mmoja wao, Padri Wyckaert, aliyaandika na kuyachapisha mwaka 1914, ndo maana leo tunaweza kuyasoma.

Nimesikia watu wakicheka wakisimuliwa. Mimi sicheki. Nimekaa leba usiku, najua ilivyo kusubiri kitu ambacho huwezi kukiona ndani, unachoweza ni kusikiliza, kugusa, kuangalia kinachotoka. Fundi hakuweza kufungua tanuru katikati aangalie. Aliangalia rangi ya moto kwenye matundu. Akikosea, siku zote zile na makaa yote yale yamekwenda bure. Mtu wa namna hiyo lazima awe na masharti. (Ingawa na mimi nina neno langu: ona wanaume walivyojipa uzazi wa chuma, wakaimba nyimbo za harusi, wakawa wakunga, na wenye uzazi wenyewe ndo wa kuambiwa wakae mbali.)

Majembe ya kiwandani yalipoingia kwa wingi wakati wa ukoloni, malungu yalizimika moja baada ya jingine. Baadaye watafiti walipokuja, iliwabidi wawaombe wazee waliobaki wajenge tanuru upya ili waone. Lakini wazo la kwamba kitu duni kinaweza kugeuka kitu chenye nguvu, kwa masharti, kwa mikono ya anayejua, hilo halikuletwa Ufipa na simu ya kichina.

SEHEMU YA 3

Leo ni fupi, niko zamu ya usiku, na si nzuri kusomewa watoto.

Kuna kubadilika kwa jiwe, ambako mwisho wake unashika jembe, unaona kazi imefanyika. Na kuna kubadilika kwa mtu, ambako hakuna anayekuona lakini kila mtu anakusimulia. Huko ndo kwenye hatari.

Njombe, miaka ya 1930 na 1940, simba walikula watu kwa miaka kadhaa mfululizo. Watu wengi wa huko hawakusema ni simba wa kawaida. Walisema ni simba wa kutumwa, au ni watu waliojigeuza simba, na kwamba kuna mganga anawaamuru. Walifika mahali hata kumtaja simba waliogopa. Ofisa wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni, George Rushby, alipopelekwa huko aliwakuta wanakijiji hawataki hata kumsaidia, wakiogopa kulipiziwa. Yeye na askari wake waliwaua simba 15, na kufikia 1947 mauaji yakakoma. Maelezo yake yalikuwa haya: serikali ilikuwa imeua wanyama wengi wa porini eneo lile kuzuia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, na simba waliokosa pofu na swala wakajifunza kula binadamu. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: yule mganga alikuwa amerudishiwa cheo chake, ndo akawaita simba wake nyumbani. Kila upande ulibaki na jibu lake.

Na hapa kwetu? Wazee wanatueleza kwamba jina Sumbawanga lenyewe ni amri: tupa uchawi. Yaani mgeni akifika aache vitu vyake huko nje. Ni mji uliopewa jina la kuukataa uchawi, halafu nchi nzima inatutania kwamba ndo makao makuu yake. Nimetaniwa hivyo chuoni miaka yote ya masomo, mtu akiona radi anasema "za kwenu hizo."

Mwaka 1963 na 1964, Tanganyika ikiwa changa kabisa, lilipita Ufipa vuguvugu lililoitwa Kamchape. Lilitoka upande wa kusini, wa Nyasa. Vijana waliingia kijiji hadi kijiji wakisema wanakisafisha. Watu walitakiwa watoe pembe, hirizi, vibuyu, kila kitu, na wapate dawa ambayo mtu akiirudia kazi ile baadaye itamuua. Bwana mmoja Mwingereza, Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyekuwa akiishi Ufipa wakati huohuo, aliliona na kuliandika. Aliona kwamba vijana ndo waliokuwa mbele na wazee ndo waliokuwa wakishukiwa zaidi.

Hapo nisome tena polepole: wazee ndo waliokuwa wakishukiwa zaidi. Kamchape ilipita na kuondoka, na watu walipumua kwa muda, maana mchawi alikuwa ameshabadilishwa kuwa mtu wa kawaida mbele ya wote, hakuna haja ya kumfukuza. Sasa hatuna hata hilo. Tukimshuku bibi leo, tunatupa jiwe tu.

Naitwa wodini. Kesho.

SEHEMU YA 4

Poleni kwa kuchelewa siku mbili, tulikuwa na akina mama wanne usiku mmoja na wote wako salama.

Haya, gemu.

Mwaka 1974, mwaka uleule mkoa wetu wa Rukwa ulipoanzishwa, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Hakuna umeme, hakuna skrini. Mnakaa mezani, karatasi na dete, kila mmoja anachukua mhusika, mwingine anasimulia. Yaani hadithi za jioni motoni, isipokuwa wasikilizaji wanaamua kinachofuata. Mhusika aliyekaa sana kwenye mchezo alipanda daraja, na mchawi wa mle ndani akifika daraja la kutosha aliweza kujigeuza kiumbe kingine. Sheria ilikuwa imeandikwa kitabuni, kila mtu mezani anaiona. Mchawi mwenye kanuni zinazosomeka! Laiti.

Wajapani waliuchukua mtindo ule wakauingiza kwenye televisheni. 1986 ikatoka Dragon Quest, ambayo wahusika wake walichorwa na Akira Toriyama. Huyu ndo baba wa Goku, yule mwenye nywele zilizosimama ambaye watoto wenu wanamchora nyuma ya madaftari. Mwaka 1991, kwenye hadithi yake ya picha ya Dragon Ball, Toriyama alimfanya Goku aone rafiki yake akiuawa, na kwa uchungu nywele zikageuka za dhahabu. Tangu siku hiyo, mtoto wa kiume yeyote ukimkuta kasimama uani amekunja ngumi, anatetemeka na kupiga kelele, usikimbilie kusema degedege. Muulize kwanza.

1987 ikatoka Final Fantasy. Hii nataka mwisikie, maana hata mganga wa Kifipa angeitambua. Una watu wako wanne: mpiganaji, mwizi, wa uchawi mweupe, wa uchawi mweusi na kadhalika, wewe unachagua. Wanapigana, wanachoka, wanapanda. Katikati ya safari unatakiwa uende kwenye ngome moja ya majaribu, upite ndani yote, ulete ushahidi wa ujasiri wako. Ushahidi wenyewe ni mkia wa panya. Mkia wa panya, jamani! Unaupeleka kwa mfalme wa majoka, Bahamut, naye anawapandisha wote hadhi: mwizi anakuwa ninja, mpiganaji anakuwa shujaa mwenye cheo, na hata sura zinabadilika. Jina Bahamut, kwa taarifa yenu, lina asili ya Kiarabu. Kwenye masimulizi ya kale ya Waarabu alikuwa samaki mkubwa aliyebeba dunia. Wazungu wa 1974 na wenzao ndo waliomfanya joka. Kwa hiyo hata yeye ni samaki aliyegeuka joka.

Sasa yule wa mtoto wetu.

Tarehe 27 Februari 1996 Wajapani walitoa Pokémon. Aliyelibuni, Satoshi Tajiri, utotoni alipenda sana kukamata wadudu, na mashamba ya wadudu wake yalipojengwa majumba alitaka watoto wapate tena ile raha. Mtoto wa Ufipa anayekimbiza kumbikumbi mvua za kwanza hahitaji kuelezwa raha gani. Ndo maana mle ndani kuna kiwavi anayejifunga kifukoni na kutoka kipepeo. Mtoto anakamata viumbe, anawalea, wanapigana na wa wengine, wanapata uzoefu, na wakifika levo fulani wanabadilika. Wengine hawabadiliki kwa levo. Wengine wanataka jiwe maalumu. Wengine, na hiki kilinigusa, hawabadiliki mpaka umpe mwenzako: ilibidi watoto wawili waunganishe mashine zao kwa waya, mmoja amkabidhi mwingine kiumbe chake, na akifika upande wa pili ndo anabadilika. Peke yako utakesha.

Na kuna samaki anaitwa Magikarp. Ni samaki wa kuchekwa. Mwanzoni ujuzi wake ni mmoja tu, kurukaruka, na kurukaruka hakufanyi kitu chochote. Anauzwa na mtu wa pembeni pembeni kwa bei ya kukulaghai. Kila mtoto anayemnunua anajiona amepigwa. Kumlea ni kazi ya ujanja: unamtanguliza vitani, kabla hajapigwa unamrudisha, unatoa mwingine mwenye nguvu amalize, halafu uzoefu wanagawana. Unafanya hivyo mara kumi, mara hamsini. Levo ya 15 anajifunza kusukuma. Levo ya 20, skrini inabadilika, muziki unalia, na yule samaki wa kuchekwa anakuwa Gyarados, joka la majini ambalo wengine wanaogopa hata kulikaribia.

Tajiri na wenzake hawakulitunga hewani. China kuna masimulizi ya kale kwamba samaki anayepanda maporomoko ya mto na kuruka Lango la Joka anakuwa joka. Japani, kila tarehe 5 Mei, siku ya watoto, familia hupandisha juu ya nyumba bendera za kitambaa zenye umbo la samaki huyohuyo, kuwaombea watoto nguvu. Mama wa Japani anatundika juu ya paa kile kilichomfanya mama wa Sumbawanga asilale.

Jambo moja la kitabibu kabla sijasahau. Desemba 16, 1997, katuni ya Pokémon ilionyesha Japani mwanga mwekundu na wa bluu ukiwakawaka kwa kasi sana, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali jioni hiyohiyo, wengine wamepata degedege. Hapakuwa na uchawi. Kuna ubongo wa baadhi ya watu usiovumilia mwanga wa namna hiyo. Mtoto wako akianguka akiwa anatazama skrini, mlete hospitali, na mweleze daktari alikuwa anatazama nini. Usipite kwa mtu mwingine kwanza.

SEHEMU YA 5, ya mwisho

Mlioandika "nesi tuambie ya bibi" nimewaona wote. Ninakuja huko.

Kwanza hela, maana mama watatu wameniuliza inboksi. Samaki wa 1996 ukishanunua gemu hakudai kitu zaidi ya muda wako. Gemu nyingi za simu siku hizi ni za bure, halafu umbo jipya la mhusika linauzwa. Mara nyingi huuziwi lenyewe: unalipa ubahatishe, kisanduku kinafunguka, pengine umepata, pengine takataka, lipa tena. Japani waliona watoto wanavyofilisi wazazi, na Mei 2012 mamlaka ya walaji ikatangaza kwamba aina moja ya mtindo huo, ile ya kukusanya seti nzima upewe zawadi kubwa, ni kinyume cha sheria. Mwaka 2018 Ubelgiji ikasema visanduku vya namna hiyo ni kamari. Kwa hiyo mwanao akikwambia "nimefungua," muulize swali moja: umefungua kwa kucheza au kwa kulipa? Na namba ya siri ya pesa za simu mtoto asiijue, hata awe na akili kiasi gani, hata akikusaidia kutuma.

Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022, na ndani yake kuna ugonjwa wa kucheza gemu. Msiogope, si kila mtoto anayependa gemu anaumwa. Wanataka waone mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepita kila kitu kingine, anaendelea hata anapoharibikiwa, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu kama miezi 12. Kwa walio chini ya miaka 5 shirika hilohilo lilisema, 2019: wa mwaka mmoja kushuka chini skrini hapana, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Huyo wa hadithi yetu alikuwa analala saa nne.

Nilikwenda kwao nilipopata habari ya yule bibi. Jumapili, baada ya kanisa. Sikumwita mtoto kwa ukali. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia, "Nionyeshe samaki wako." Akamwangalia mama yake kwanza. Akaleta simu ya mjomba wake, kioo kimepasuka kona, gemu la zamani limeingizwa humo na kijana wa duka la kurekodi nyimbo. Joka alikuwa nalo tayari. Nikamwambia hapana, anza na mwingine, nataka nione njia yote.

Alikuwa na samaki wa pili, levo ya 19. Bibi yake, yule mama mkwe, alikuwa anachambua maharage mlangoni, amenipa mgongo. Mtoto akaanza kueleza: huyu namtanguliza, huyu namrudisha, wanagawana. Sauti yake ikapanda. Kumbe ndo ilikuwa sauti ya usiku, anajieleza mwenyewe hesabu. Levo ya 20 ilipofika muziki ukalia na samaki akaanza kumetameta. "Sasa hapa," akasema, "ukibonyeza B anakataa, anabaki samaki." Nikamuuliza kwa nini mtu abonyeze B. Akasema, "Wengine wanawapenda hivyo hivyo."

Bibi alikuwa ameshageuka. Alisogea na ungo wake, akatazama mpaka joka likatokea. Akauliza, "Ndo hili?" Mtoto akasema ndo hili bibi. Akauliza tena, "Hakuna mtu aliyekupa?" "Hapana bibi, nimemlea mwenyewe."

Hakusema kitu. Akarudi kwenye maharage. Mama wa mtoto aliingia ndani, nikamsikia analia kule chumbani, na sikumfuata.

Simu ilirudi kwa mjomba siku za shule, Jumamosi na Jumapili anapewa mchana. Macho yalitulia ndani ya wiki mbili na mwalimu akasema hasinzii tena.

Agosti nilikuwa kwenye huduma ya mkoba upande wa Laela, nikatafuta nyumba ya kijana wa yule bibi. Nilikuwa nimebeba debe la maharage, lililotoka kwa yule mama mkwe. Hakuniambia niseme nini, alinipa tu akasema mpelekee. Bibi alinipokea vizuri, akanikaribisha, "karibu mwanangu." Nikamwangalia macho, nikamwandikia barua aende kliniki ya macho, na nikamwambia mkwewe jikoni atoboe dirisha. Nikamweleza habari ya simu na samaki mwanzo hadi mwisho, na nikamwambia kwamba mimi nilicheka siku ile wakati ningeweza kuyazuia.

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza parachichi lake la uani nani anachuma sasa. Nikamwambia watoto wa mtaa. Akasema wasivunje matawi. Maharage aliyapokea, akayamimina kwenye gunia lake, debe akanirudishia tupu nimpelekee mwenyewe.

Hajarudi. Nyumba yake huku mtaani bado ina kufuli, na juzi nimeona bati moja la mbele limelegea.

Maswali ya usingizi wa watoto nitayajibu Jumamosi. Wa chanjo ya miezi 9 msisahau kadi. Usiku mwema.